Sola ya milioni 9 kwa nyumba ambayo tayari ina Luku: je, italipa?

Mkazi wa Goba

Habari zenu ndugu. Naomba ushauri wa watu waliofunga sola huku wakiwa tayari wameunganishwa na Tanesco. Nasema hivyo kwa sababu ushauri mwingi unaotolewa kuhusu sola katika nchi yetu umelenga nyumba ambayo nguzo hazijaifikia, ambako taa tatu na redio ni hatua kubwa ya maisha, na haumsaidii mtu wa mshahara mwenye friji, friza, televisheni, feni na pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki.

Nyumbani tupo saba. Mke wangu anauza juisi na samaki wa kugandisha, na mama yangu ana kisukari, hivyo akiba ya insulini yake hukaa kwenye friji wakati wote. Tunatumia wastani wa uniti 6 kwa siku, yaani uniti 180 kwa mwezi, ambazo kwa Sh 356 kwa uniti pamoja na VAT na tozo zinafika karibu Sh 64,000. Katika mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 tulitupa samaki mara mbili. Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uwashwe Februari 2024 mgao wa namna ile hatujauona tena, lakini umeme wa mtaani kwetu bado unakatika: leo transfoma, kesho tawi la mwembe limeangukia waya, na mara nyingine tunalala gizani hadi asubuhi.

Wiki iliyopita nilipewa makadirio mawili Kariakoo. Ya kwanza ni ya Sh milioni 9: inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri na paneli uwe wa matumizi ya nyumbani) ya kilowati 5, paneli 6 za wati 550, betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 na Ah (ampea-saa) 100, pamoja na vyuma, nyaya na ufundi. Ya pili ni ya Sh milioni 7.2, yenye inveta na paneli zilezile, lakini betri ni nne za jeli za volti 12 na Ah 200 kila moja. Muuzaji amenihakikishia kwamba mfumo wowote kati ya hiyo miwili utarudisha gharama zake ndani ya miaka 4, na kwamba rejesho la mkopo nitalilipa kwa fedha ileile ninayonunulia Luku. SACCOS ya kazini iko tayari kunikopesha hizo milioni 9 kwa miezi 36, riba ya asilimia 12 kwa mwaka kwa salio linalopungua, ambapo rejesho ni kama Sh 299,000 kwa mwezi.

Naomba kujua kama hesabu ya muuzaji ni ya kweli, kama tofauti ya bei kati ya jeli na lithiamu ina maana, na kama mtu wa kipato changu ana sababu ya kuingia deni kwa jambo hili, au aendelee kuvumilia.

Fundi wa Mbezi

Ndugu yangu, nimefunga umeme wa majumbani kwa miaka mingi na sola kwa miaka 9 sasa, na kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni kwamba mteja anaulizwa ana vifaa gani, vinaorodheshwa, wati zinajumlishwa, kisha anauziwa mfumo kwa jumla ile, ilhali hakuna nyumba inayowasha vyote kwa pamoja. Wewe una kipimo bora kuliko orodha yoyote, nacho ni mita yako ya Luku. Kwa siku 7 mfululizo andika uniti zilizobaki saa 12 jioni, kisha uandike tena saa 12 asubuhi, na kama umenunua umeme katikati ujumlishe ulichoongeza. Kwa njia hiyo utajua umetumia kiasi gani usiku na kiasi gani mchana. Namba ya usiku ndiyo inayopanga ukubwa wa betri, na betri ndiyo inayopanga bei ya mfumo wote.

Sasa tazama betri uliyopewa kwenye makadirio. Volti 51.2 mara Ah 100 ni wati-saa 5,120, yaani uniti 5.12. Ukitaka idumu, tumia asilimia 80, yaani uniti 4.1. Inveta inapoubadilisha umeme huo kuwa wa volti 230 hupoteza kama sehemu moja ya kumi, unabaki na 3.7. Tena inveta yenyewe hula hata kama hakuna kilichowashwa. Za kilowati 5 nyingi hula karibu wati 50 muda wote, na wati 50 kwa saa 12 ni uniti 0.6. Hivyo kati ya zile 5.12 zilizoandikwa kwenye kasha, zitakazofika kwenye soketi zako usiku ni kama 3.1. Muuzaji anayekuambia "uniti tano" hakudanganyi kuhusu betri, ila hakuambii habari za nyumba.

Betri nne za jeli za volti 12 na Ah 200 ni uniti 9.6 kwenye karatasi, lakini jeli haitakiwi kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, kwa hiyo ni 4.8, na ukitoa hasara za inveta unakuta umebaki karibu na palepale. Tofauti ipo kwenye umri. Lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma huhimili kuchajiwa na kutumiwa mara elfu tatu hadi elfu sita. Jeli ikishushwa hadi nusu kila usiku huhesabiwa kwa mamia. Pia betri za risasi, zikiwemo hizo za jeli, zinaogopa joto: kila nyuzi 10 juu ya nyuzi 25 hupunguza umri wake kwa karibu nusu, na hapa Dar es Salaam chumba kisicho na dirisha kinafika nyuzi 35 bila shida.

Paneli 6 ni nyingi kwako. Paneli 4 za wati 550 ni kilowati 2.2, na kwa jua letu unaweza kutegemea saa 4 za jua kamili kwa siku ya kawaida, yaani uniti 8.8 kabla ya hasara. Wakati wa masika zinaweza kushuka hadi nusu, lakini wewe una Tanesco wa kujazia. Kabla hujalipa, chukua futi. Paneli halisi ya wati 550 ina urefu wa mita 2.28 na upana wa mita 1.13 hivi, na uzito wa kilo 27 au 28. Mita moja ya mraba haitoi zaidi ya wati 200 na kidogo, kwa hiyo paneli ya urefu wa mlango wa kabati iliyobandikwa karatasi ya "550W" usiinunue. Betri ya lithiamu ya ukubwa uliotajwa nayo ina kilo 40 na ushee. Ukiweza kuibeba kwa mkono mmoja, iache hapohapo.

Jambo la mwisho kwa leo. Pasi, birika, jiko la umeme na hita ya bafuni vibaki kwenye Tanesco moja kwa moja, na mizigo mingine ihamishiwe kwenye boksi lake la breka linalolishwa na inveta. Nimeona nyumba ambazo inveta imeunganishwa tu kwenye meni swichi na kila kitu kinapita humo. Siku hita inapowashwa wakati pampu inaanza kuvuta maji, mfumo wote unazima, na mwenye nyumba anaamini ameuziwa inveta mbovu.

Mhasibu wa Tabata

Mimi si fundi, nitajibu upande wa fedha tu, na nitasema wazi kwamba ahadi ya miaka 4 imenikasirisha, kwa sababu watu wa mishahara wanaingia madeni kwa maneno kama hayo.

Unanunua Luku ya Sh 64,000 kwa mwezi. Hata kama sola ingekuondolea gharama hiyo yote, usinunue hata uniti moja, ungeokoa Sh 768,000 kwa mwaka, na milioni 9 zingerudi baada ya miaka 11 na miezi kadhaa. Rejesho la mkopo ni Sh 299,000 kwa mwezi. Fedha ya Luku hailipi hata robo yake. Ukimaliza miezi 36 utakuwa umelipa karibu Sh milioni 10.76, kwa hiyo riba peke yake ni kama milioni 1.76.

Lakini hutaacha kununua Luku kabisa. Tuchukulie kwamba matumizi yako ya Tanesco yatashuka kutoka uniti 180 hadi 70. Kwa bei ya kundi la T1, la wateja wa matumizi ya kawaida, ambalo unaonekana umo, uniti 70 ni karibu Sh 25,000, na unaokoa Sh 39,000. Hapa lipo jambo ambalo wauzaji hawalitaji, nalo kwa nyumba kama yako lina uzito. Katika bei zilizopangwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016 lipo kundi la D1 kwa mteja wa nyumbani asiyezidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, ambaye analipa Sh 100 kwa uniti kabla ya VAT na tozo, na Sh 122 zikijumlishwa. Ndiyo maana utasikia watu wakisema wamenunua uniti 75 kwa Sh 9,150. Kama matumizi yako yatatulia chini ya kiwango hicho na ukakubaliwa kuhamishiwa D1, uniti 70 zitakugharimu Sh 8,540, na utaokoa zaidi ya Sh 55,000 kwa mwezi. Uhamisho huo unauomba, haujileti, na matumizi yako ya miezi iliyopita ndiyo yanayotazamwa. Pia ukivuka 75, uniti za ziada zinatozwa Sh 350 kabla ya kodi, ghali kuliko T1, kwa hiyo ni mpango wa mtu mwenye nidhamu ya matumizi.

Chukua hali zote mbili: kwa Sh 39,000 kwa mwezi, milioni 9 zinarudi baada ya miaka 19, kwa Sh 55,000, baada ya miaka 13 na nusu. Katika muda huo utakuwa umenunua inveta nyingine na pengine betri nyingine.

Kwa hiyo usiinunue sola kama kitega uchumi. Ulichokitaja mwenyewe ni samaki waliooza na insulini ya mama, na hiyo ndiyo sababu ya kweli, nayo inatosha. Ila tatizo lako ni umeme kukatika kwa saa kadhaa, na dawa ya tatizo hilo ni inveta na betri, si paneli. Ushauri wangu: nunua inveta na betri ya lithiamu sasa, zichajiwe na Tanesco wakati umeme upo, na paneli uziongeze mwakani kwa fedha taslimu. Utakopa kama milioni 5 badala ya 9.

Mama wa Kigamboni

Kaka wa Goba, poleni na hongereni kwa kumtunza mama. Mimi nilichukua yale makadirio yako ya pili, ya jeli, mwaka 2021, na ninakuandikia ili usipite nilikopita.

Betri nne ziliwekwa kwenye stoo ya jikoni, chini ya bati, chumba kisicho na dirisha, kwa sababu fundi aliona ndiko zisikoonekana. Mwaka wa kwanza tuliangalia taarifa ya habari, tukalala na feni, tukaamka bado umeme upo. Kufikia mwezi wa 22 zilikuwa zikijaa mchana na kuisha kabla ya saa 4 usiku. Aliyeniuzia alisema tumetumia vibaya, na dhamana ya miaka 2 aliyoiandika kwa mkono nyuma ya risiti haikunisaidia chochote. Niliuza betri hizo kwa kilo kama chakavu, na nikanunua lithiamu moja kwa fedha ambayo kama ningeitoa mwanzo ningekuwa nimemaliza.

Jambo la pili ni juu ya paa, ambako sisi wenye nyumba hatupandi. Mchana mmoja wa Januari nilisikia harufu ya plastiki inayoungua nikiwa uani naanua nguo. Kijana wangu alipopanda alikuta kiunganishi cha waya kati ya paneli mbili kimebadilika kuwa rangi ya mkate uliokaangwa, na kofia yake imelainika hata ikawa inaacha alama ya kidole. Fundi mwingine aliyekuja alinionyesha kwamba nusu moja ya kiunganishi ilikuwa ya kampuni moja na nusu ya pili ya nyingine, zimesukumizwa tu zikaingia. Zilishika, lakini vyuma vya ndani havikugusana sawasawa, joto likajikusanya pale. Alinikataza kabisa kuvichomoa jua likiwa linawaka, maana umeme wa paneli haukatiki kwa urahisi kama wa ukutani, unaruka cheche ndefu. Tulisubiri jioni na kuzima swichi ya paneli kwanza.

Boliti nazo, kwa kuwa tuko karibu na bahari, zilikuwa za chuma cha kawaida, na baada ya miaka miwili kutu ilikuwa inadondoka kama unga kwenye mabati. Dai boliti za chuma kisichoshika kutu hata kama Goba si ufukweni. Angalia pia kivuli: mwembe wa jirani ulikuwa unatupia kivuli paneli moja tu kuanzia saa 9 alasiri, na kwa kuwa zimeunganishwa kama mnyororo, uzalishaji wa zote ulikuwa unashuka. Tulizihamishia upande wa kaskazini wa paa.

Sasa nikupe jambo litakalomsaidia wifi yangu na samaki wake. Friza iliyojaa, ikiwa haifunguliwi, hukaa na barafu yake siku nzima na zaidi. Mimi siku hizi siilishi kwa betri usiku umeme unapokatika. Naiwasha kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni kwa umeme wa jua, inaganda kama jiwe, kisha naizima hadi kesho yake, na hakuna anayeigusa. Sehemu zilizo wazi ndani nimezijaza chupa za maji, kwa sababu friza nusu tupu haitunzi ubaridi hivyo. Betri inabaki na friji ndogo, feni na taa. Insulini ya akiba inahitaji nyuzi 2 hadi 8 na haitakiwi kuganda, kwa hiyo friji ndiyo usiiachie, friza inaweza kusubiri.

Fundi wa Mbezi

Dada wa Kigamboni ameeleza vizuri kuliko mimi, na suala la friza ningependa kila mteja wangu alisome. Ila kwa heshima zote napingana na ndugu Mhasibu katika jambo moja. Kusema paneli zingoje mwakani kunaonekana ni kubana matumizi, lakini paneli ndiyo sehemu ya bei nafuu kuliko zote katika mfumo huu, na ndiyo inayodumu kuliko zote. Paneli 4 pamoja na vyuma vyake hazifiki theluthi ya bei ya inveta na betri. Ukifunga leo bila paneli, mwakani unamlipa fundi mara ya pili, unatoboa ukuta mara ya pili, na mara nyingi inveta iliyochaguliwa bila kufikiria paneli inakuja kukataa mpangilio wake wa volti. Zaidi ya hapo, umeme ukikatika saa 2 usiku na usirudi hadi kesho yake jioni, betri isiyo na paneli imekufa alfajiri na mchana kutwa unaitazama tu. Friza ya dada hapo juu inaishi kwa sababu kuna jua la saa 3 asubuhi.

Nakubaliana naye kwamba paneli 6 hazihitajiki. Waweke 4, na waache nafasi kwenye reli kwa ajili ya 2.

Niongeze tahadhari moja kuhusu Luku. Inveta nyingi za kisasa zinaweza kurudisha umeme wa ziada kwenye laini ya Tanesco. Mwambie fundi aifunge sehemu hiyo kwenye mipangilio. Mita nyingi za malipo ya kabla zinahesabu umeme uliorudi kama vile umeutumia, nyingine zinajifunga zenyewe, na hapo utalipia jua lako mwenyewe. Hatari kubwa zaidi ni inveta ya bei ya kutupa isiyojikata yenyewe laini ya Tanesco inapokuwa imezimwa, kwa sababu fundi wa Tanesco aliye juu ya nguzo akiamini waya hauna umeme anaweza kuuawa na umeme unaotoka nyumbani kwako. Tumia mtu mwenye leseni ya EWURA ya ufungaji umeme, umwombe akuonyeshe, na uhakikishe nondo ya ethi imepigwa ardhini kweli na si waya uliochomekwa kwenye ukuta.

Msomaji wa Bamburi

Salamu kutoka Mombasa. Nafuatilia kwa makini kwa sababu majirani zangu wengi wamefunga sola tangu 2023, mwaka ambao nchi nzima ya Kenya iliingia gizani zaidi ya mara moja, Agosti na tena Desemba. Uniti ya stima kwetu ni ghali kuliko yenu, kwa hiyo hesabu ya Mhasibu huku inakuwa nyepesi kidogo, lakini haifiki hiyo miaka 4 kwa nyumba ambayo watu wote wako kazini na shuleni mchana. Kanuni za mwaka 2024 zinaruhusu mwenye paneli kuupeleka umeme wa ziada kwa Kenya Power na kuhesabiwa nusu uniti kwa kila uniti aliyotoa. Utaona basi kwamba hata palipo na ruhusa hiyo, uniti unayoitumia mwenyewe saa 6 mchana ina thamani mara mbili ya ile unayoipeleka nje. Mimi pampu ya maji nimeiwekea saa ya kuiwasha saa 5 asubuhi, na nguo za wiki nzima zinapigwa pasi Jumamosi adhuhuri. Tokeni zangu zimepungua kwa kubadilisha ratiba, bila kuongeza paneli yoyote juu ya nilizonazo.

Mkazi wa Goba

Ndugu zangu, asanteni sana. Nimekaa kimya siku 9 kwa sababu nilikuwa natekeleza mlichoniambia, na naona ni haki nirudishe majibu.

Nilisoma mita kwa siku 7 saa 12 jioni na saa 12 asubuhi. Wastani wa mchana ulikuwa uniti 2.5, na wa usiku 3.5. Kwa hesabu ya Fundi, betri ninayouziwa isingefika asubuhi. Usiku wa nne nilizima kimoja baada ya kingine nikiwa nimekaa na tochi mbele ya mita, na nikaona kwamba friza haikupumzika tangu saa 5 hadi saa 6 na nusu. Asubuhi mke wangu alifunga mlango wake juu ya noti ya Sh 1,000, akaivuta, ikatoka bila upinzani wowote upande wote wa bawaba. Mpira wa mlango ulikuwa umekakamaa na kupasuka kwenye kona, na kwa ndani kulikuwa na mkanda wa barafu unene wa vidole viwili kufuata ule mpasuko. Tulibadilisha mpira kwa Sh 45,000 pamoja na ufundi. Siku tatu zilizofuata matumizi ya usiku yalikuwa uniti 2.8, na usiku mmoja tulipojaribu kuizima friza kama alivyoeleza dada wa Kigamboni yalikuwa 2.0. Asubuhi samaki walikuwa bado wagumu, na maji ya kwenye chupa yalikuwa hayajaanza kuyeyuka.

Kuhusu fedha, nimekubali kwamba sitarudishiwa gharama zangu na Luku, na nimeacha kuitazama sola kwa namna hiyo. Nilimuuliza mke wangu tulipoteza kiasi gani katika yale matukio mawili ya samaki, akafungua daftari lake: Sh 310,000, bila kuhesabu wateja waliohamia kwa mwingine. Hilo limenisaidia kuamua kuliko bei ya uniti.

Katika ubishi wa Mhasibu na Fundi nimechukua njia ya Fundi, kwa sharti la Mhasibu kwamba deni lipungue. Nilirudi Kariakoo nikaomba mchanganuo wa kila kitu kimoja kimoja, jambo ambalo muuzaji wa kwanza alilikataa na wa pili akalifanya bila kulalamika. Inveta, betri moja ya lithiamu, paneli 4, reli, boliti zisizoshika kutu, viunganishi vya kampuni moja, boksi la breka na ufundi vimefika Sh milioni 6.9. Milioni 2 nitazitoa kwenye akiba, na 4.9 nitakopa, rejesho likiwa karibu Sh 163,000 kwa mwezi. Bado ni fedha nyingi kwetu, na safari ya Desemba ya kwenda kijijini tumeiahirisha kwa makubaliano.

Fundi ninayemchukua ameonyesha leseni, na tumeandikiana kwamba fungu la mwisho, Sh 700,000, nitalilipa baada ya kuzima meni swichi ya Tanesco mbele yangu na kuwasha friji, friza na pampu kwa pamoja kwa saa moja. Betri itakaa koridoni, sehemu yenye hewa, si stoo. Anaanza Jumamosi. Jana alipokuja kuchora mchoro wa nyaya alimuuliza mama ni soketi zipi zisikose umeme, naye akampeleka hadi ile ya friji karibu na mlango wa chumba chake, kisha akamwonyesha na ya feni.

Mwezi ukiisha nitaandika hapa usomaji wa mita, wa mchana na wa usiku, pamoja na jibu la Tanesco kuhusu D1.